Rafu Iliyoitwa Shemasi

Kaeni vizuri, wapendwa. Mliochoka egemeeni ukuta, sitawasema. Najua wiki hii ilivyokuwa. Nitawasimulia jambo fupi, nanyi mnisikilize hivyo hivyo mlivyo.

Lilikuwapo ghala moja la sukari na mchele, kando ya barabara kuu ya malori. Ndani yake kulikuwa na rafu za chuma zinazopanda hadi karibu na bati. Mnazijua? Nguzo zimesimama kama miguu ya kitanda, na kati ya nguzo na nguzo zimelazwa boriti. Magunia hupangwa kwenye paleti, yale majukwaa ya mbao, kisha foklifti inakuja, inainua, inaweka juu ya boriti, inarudi kuchukua mengine. Kazi ya kutwa nzima ndiyo hiyo.

Wafanyakazi wa pale walizipa rafu zao majina. Moja iliyokuwa karibu na mlango iligongwa na lori ikainama upande, wakaiita Mlevi. Wakaishusha mizigo yote, wakaizungushia kamba, na hakuna aliyepita karibu nayo. Jirani yake ilikuwapo nyingine, imenyooka, haitikisiki. Hiyo wakaiita Shemasi. Naona mashemasi wetu mnatazamana. Vumilieni kidogo.

Sasa niambieni, mzigo wa Mlevi ulikwenda wapi? Kwa Shemasi. Na mzigo ambao mwenyewe amechelewa kuuchukua? Kwa Shemasi. Lori likija bila taarifa, dereva wa foklifti huuliza, "Bosi, hii niiweke wapi?" na msimamizi hujibu bila kuinua kichwa, "Peleka kwa Shemasi. Yeye hana maneno." Na kwa kuwa kila mtu alimwamini, akina mama wanaofungasha sukari walikaa chini yake mchana kula wali wao. Chini ya Mlevi wasingethubutu.

Ikafika siku ya ukaguzi. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, ametoka kukagua ghala jingine asubuhi ile, miguu imevimba ndani ya viatu. Msimamizi naye alikuwa hoi. Malori yamejipanga nje, madereva wanapiga honi. Akamwelekeza mgeni mlangoni haraka haraka.

"Mama, mbovu ni ile pale. Iandike, tuendelee na kazi."

Mkaguzi akaitazama mara moja tu. "Ile haina kitu, na mmeifunga kamba. Nitaandika ibomolewe. Sasa nishushieni mizigo ya hii ya pembeni."

"Ipi? Shemasi?" Dereva wa foklifti alicheka mpaka akazima mashine. "Mama, huyo utamwonea. Shemasi hana dhambi!"

"Sitafuti dhambi, mwanangu. Natafuta uchovu."

Msimamizi hakucheka. "Mama yangu, kuishusha yote hiyo ni nusu siku. Na imenyooka, si unaiona mwenyewe?"

"Nguzo zimenyooka, kaka. Boriti sizioni, magunia yamezifunika. Wale akina mama wanaokula pale chini, boriti ikikatika utajua ni wangapi hawakutoka?"

Msimamizi alitazama malori, akawatazama wale akina mama. Akawaambia watoke na masufuria yao, kisha akampungia dereva mkono aanze kushusha.

Hapa ngoja nieleze polepole, kama tunavyowaeleza watoto. Nyoosheni mkono mmoja mbele. Ndiyo, hata ninyi wazee. Mkono huo ukitundikiwa ndoo ya maji, utashuka kidogo. Je, ni mbovu? Hapana, umebebeshwa. Ndoo ikiondolewa, mkono unapanda tena. Chuma nacho ni hivyo hivyo. Boriti ikibeba hupinda kidogo, wala si kosa lake. Ukitaka kujua kama bado ni nzima, uitue mzigo, kisha uangalie kama inarudi. Haya, shusheni mikono.

Magunia yalipokwisha kushuka, mkaguzi akafunga uzi kutoka nguzo hii hadi nguzo ile, akaukaza. Boriti ilikuwa imepinda chini ya uzi. Vidole viwili vilipita kati ya uzi na chuma.

"Ipe muda," msimamizi akasema. "Si ndiyo kwanza imetuliwa?"

Wakaenda kunywa chai. Waliporudi, vidole viwili bado vilipita.

"Huyu harudi tena," mkaguzi akasema taratibu. "Nguvu zilimwisha zamani. Siku zote hizi alikuwa anasimama tu."

"Lakini hakuwahi kutusumbua!" Msimamizi aliongea kama mtu aliyeonewa.

"Ndiyo maana ulimwongezea."

Dereva akaitazama paleti iliyokuwa imewekwa kando ikisubiri, ya lori la asubuhi ile. Ilikuwa ya kupandishwa kwa Shemasi. Mmoja wa wale akina mama alikuja akasimama, akatazama juu kwenye ile boriti, kisha chini pale anapotandika khanga yake kila mchana.

Wapendwa, walioinama katikati yetu tunawajua. Tunawaombea, tunawafuata nyumbani, tunawaundia kamati. Ni vyema, tusiache. Lakini aliyenyooka, nani amewahi kumkagua? Yule dada anayefagia humu kabla hatujafika, kisha anafundisha watoto, kisha anarudi nyumbani kumgeuza mama mkwe asiyeinuka kitandani. Yule kaka ambaye simu za ukoo mzima huishia kwake. Jambo likitokea, sisi huinua vichwa vyetu? Hatuinui. Tunasema, "Mpelekeeni fulani, yeye hana maneno." Tena tunadhani tumemheshimu.

Kutokuwa na maneno si kutokuwa na uzito. Wakati mwingine mtu hana maneno kwa sababu hata pumzi ya kusemea hana.

Na wewe unayesikia jina lako ndani ya maneno haya, ingawa sijalitaja: kupinda si dhambi. Mungu aliyetuumba alituwekea siku ya kupumzika kabla hatujamwomba. Alitujua. Ukipumzika ukaona hurudi kama zamani, hucheki tena, chakula hakina ladha, usijifiche nyuma ya magunia. Tuambie.

Boriti ile ilifunguliwa ikatupwa kwenye vyuma chakavu, ikanunuliwa nyingine. Mfano wangu unakomea hapo, kwa sababu mtu hatupwi, na hakuna duka linalouza mwingine kama yeye. Sisi njia yetu ni moja tu, kutua mzigo mapema.

Basi tusingoje wiki ijayo. Mnajua jirani yetu amefiwa. Kesho watu watakuwa wengi pale, na wanatakiwa wapishi, wa kuteka maji na wa kuosha vyombo. Ninyi ambao siku zote husimama wa kwanza, ninawaomba leo mkae. Kaeni hata kimya kikiwa kirefu. Najua kitawauma kuliko moshi wa kuni. Sisi wengine tutatazama sakafu, tutakohoa, tutakumbuka safari zetu za ghafla. Tuacheni tukohoe. Msituokoe.

Haya. Nani atapika kesho?