Kwa Nini Mtama Hukunja Majani na Haufi kwa Ukame

Kisa hiki hakuna anayekijua kama mimi, toka Mpwapwa mpaka Manyoni. Wapo wanaokisimulia, ndiyo, lakini wanaruka katikati. Mimi siruki. Shule sikukanyaga, ila babu yangu alinimiminia mambo haya kichwani mpaka yakamwagikia masikioni. Basi na nyie tegeni yenu.

Zamani hizo, mmea wowote ukikosa mvua kidogo tu, unaungua. Sisemi kunyauka, nasema kuungua, tena kwa ndani. Maana jani ni jiko. Jua linaleta moto kila asubuhi, jani linapika chakula chake, maji yanautuliza ule moto. Sasa maji yakiisha, jua halina habari, linaleta moto vilevile. Cheche zinaruka humo ndani, zinachoma kuta, mmea unabaki jivu lililosimama. Hata mti ambao ukiuzunguka unachoka njiani, kiangazi kikija, kwisha habari yake.

Kwenye majiko ya watu haikuwa hivyo. Juu ya mafiga, kwenye masizi ya dari, waliishi Wazimacheche. Watu wadogo hao, punje moja ya ulezi wanalala ukoo mzima na wageni wao. Cheche ikiruka, Mzimacheche anaidaka hewani, anaiminya viganjani mpaka inageuka tone la maji na pumzi. Tone linadondoka, pumzi inatoka nje, nyumba inabaki salama. Na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuwaambia asante.

Basi hapa kwetu Ugogo akaolewa mwanamke mmoja kutoka mbali, jina lake Nyemo. Desturi ya hapa ilikuwa mbegu zinakaa ndani ya kilindo, lile pipa la gamba la mti, chumba cha ndani kabisa penye ubaridi, mdomo umezibwa kwa mavi ya ng'ombe. Nyemo alipopeleka masuke yake ya mtama, kajitwika kichwani, wifi yake Mahungo akasimama mlangoni.

"Mgeni haweki mbegu kwenye kilindo cha mama yetu."

"Niweke wapi sasa, wifi?"

"Kwani hapo kichwani hapatoshi?"

Nyemo akayafunga masuke kwa kamba, akayaning'iniza juu ya mafiga yake. Watu walicheka mpaka ng'ombe wakaacha kula wawasikilize. Kila aliyepita aliuliza kama samaki wake wa moshi wamekauka. Masuke yakakaa pale kiangazi kizima, yanakula moshi na joto la kiasi. Na Wazimacheche, waliokuwa wanalala kwenye boriti ngumu, wakaona wameletewa vitanda. Wakahamia ndani ya punje, wakazoea, wakazaa humo. Msimu wa kupanda ulipofika, Nyemo akawafukia shambani wamelala, bila yeye kujua.

Mvua ikanyesha ya kuotesha, halafu ikakata. Jua la mwaka ule, nawaambia, kivuli kilikuwa kinatafuta kivuli. Mijusi ilikuwa inabebana kwa zamu isiunguze miguu. Mtama wa kijiji kizima ukaungua, wa Mahungo ukatangulia. Wa Nyemo ukakunja majani kama mikeka, ukasimama kimya.

Njaa ikaingia. Watu wa bondeni walikuwa na nafaka, lakini masharti yao yalikuwa magumu: mzigo wa nafaka kwa mtoto. Ukishampeleka, huyo siyo wako tena. Na Malogo, mume wa Nyemo, alikuwa na mtoto mmoja tu, binti anaitwa Sechelela, ndiyo kwanza anaota meno ya pili.

"Mama Sechelela," Malogo akasema, "mfungie mtoto nguo zake. Kesho tunashuka bondeni."

"Mtama wangu haujafa."

"Umekufa! Umejikunja kama bibi kizee kwenye baridi, na wewe unasema haujafa!"

"Nenda ukaukate, baba Sechelela. Ukiukuta mkavu ndani, mtoto nitamvisha mwenyewe."

Malogo akachukua panga, akaenda huku analia, maana alimpenda yule binti kuliko macho yake. Akashika bua la kwanza, akakata. Maji yakamrukia usoni. Akakunjua jani: ndani kijani, kijani kibichi cha kuumiza jicho! Akakaa palepale kwenye mchanga wa moto, makalio yanababuka, yeye anacheka tu.

Kumbe cheche ya kwanza iliporuka ndani ya jani, Wazimacheche walishtuka usingizini. Mkubwa wao akafoka, "Nani amechochea jiko bila kutuambia?" Wakavamia. Wakadaka, wakaminya, tone na pumzi, tone na pumzi. Na ajabu yao ni hii, moto ukizidi na wao wanazidi. Wakajaa mpaka kwenye mizizi. Ndiyo maana jani lilijikunja, jua lipate pa kugusa padogo, na wao wafanye kazi kwa nafasi.

Mvua ikarudi. Majani yakajikunjua yote kwa pamoja, na babu aliniapia kwamba mlio wake ulisikika Kondoa. Mtama ukabeba masuke ya kuinamisha bua. Sechelela hakwenda popote. Alikaa juu ya kichuguu anafukuza ndege, anaimba ovyo ovyo, na baba yake hakuthubutu kumwambia anyamaze.

Mahungo naye akaja, ameshika kikapu, macho chini.

"Wifi, hata suke moja tu la mbegu."

"Chukua kumi. Lakini usiyaweke kwenye kilindo."

"Niyaweke wapi?"

"Jikoni, wifi. Na wakiuliza habari za samaki, waambie bado hawajakauka."

Wakacheka wote wawili, wakashikana mikono.

Na tangu siku hiyo, masuke ya mbegu yananing'inizwa juu ya mafiga. Mimea mingine nayo, mbegu zake zilipotundikwa jikoni, iligawiwa Wazimacheche, kila mmoja kwa kiasi chake. Mahindi, yaliyokuja juzi tu, yalipata wachache, ndiyo maana yanapiga kelele mapema. Lakini mtama ukikosa mvua unakunja majani, unanyamaza. Ukiuona hivyo usiung'oe, usilie. Nenda nyumbani ukalale. Wenyewe wako kazini.