Kwa Nini Kifabakazi Hakipandwi Mlangoni

Zamani, wakati migongo ya mlima Masaba ilipokuwa bado kipara, na watu wakianika mtama hadi mlangoni bila jani kuuangukia, kifabakazi kilikuwa mti wa msituni. Kilikua polepole kama miti mingine, mbao zake zilirudisha shoka, na hakikuwa na ua hata moja.

Juu ya mgongo mmoja aliishi Khakasa, mke wa Wabomba. Wabomba alikwenda kuwinda ng'ambo ya mto. Masika yakapita, kiangazi kikapita, asirudi. Wanaume waliomtafuta walirudi na mkuki wake tu. Mama yake, Namarome, akanyoa nywele, akaketi matanga. Khakasa alikataa kunyoa. Alisema mgongo wao hauna alama yoyote. Aliyepotea ng'ambo atajuaje kwao ni wapi? Akataka mti mrefu mlangoni, uonekane kutoka mbali, tena umpe binti yake Nelima kivuli cha kuchezea.

Akaenda msituni kuomba, maana siku zile miti ilijibu. Mvule ukamwambia kivuli chake kitawafaa wajukuu. Mkuyu ukasema mizizi yake lazima kwanza itafute maji, na maji yako mbali. Kifabakazi ndicho kilichouliza, "Unamtaka mtu huyo kiasi gani?"

"Kiasi cha kukosa usingizi."

"Basi nitakua upesi. Lakini anayekua upesi hapati muda wa kuumba moyo. Utanipa nini nikiweke humo ndani?"

Khakasa hakuwa na kitu. Akaliinamia gome, akalitaja jina la mumewe kama alivyomwita kila alipotoka shamba. Alipoinuka, hakuweza kulitamka tena.

Akang'oa mche wa kifabakazi hicho, akaupanda karibu na mlango. Kabla mtama haujaiva, mti ulikuwa umelipita paa. Kileleni yakachanua maua mekundu kama makaa, hata wasafiri wa ng'ambo wakayaona. Majirani walikuja kupumzika kivulini na kumsifu. Ni Namarome tu aliyeketi juani.

"Mti huu unaita," alisema. "Hakuna upepo, nao unaita."

Mchana mmoja, jua likiwa la utosi, kuku walinyamaza ghafla. Khakasa alitoka jikoni akamwona Wabomba ameketi chini ya mti, mgongo kwenye shina, nguo zikichuruzika maji ilhali mvua haikunyesha. Akamkimbilia, akamshika. Alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Hakusema neno, hakuonja uji. Jua lilipopinda aliondoka, na nyasi hazikulala alipokanyaga.

Kesho yake alirudi, na hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuja mwanamke aliyesombwa na mto, na vijana waliomezwa na msitu, na wazee ambao Namarome peke yake ndiye aliyewakumbuka. Mti uliita jina moja, lakini kila aliyepotea alilisikia kuwa lake. Wakaketi kimya kivulini. Majirani wakaacha kuja.

Khakasa alivumilia. Mume bubu, alijiambia, ni afadhali kuliko kukosa mume. Akavumilia hivyo mpaka siku aliyomkuta Nelima mapajani mwa baba yake, akicheka. Alimvuta mtoto juani, ndipo akaona: kivuli cha Nelima ardhini kilikuwa kimepauka, chembamba kama moshi wa jiko linalozimika.

"Mama, nifanye nini?" akamuuliza Namarome.

Kikongwe alimtazama mwanawe pale chini ya mti. "Mimi nilimzaa, na nimemlilia. Wewe hujamlilia, mwanangu. Ndiyo maana hajapata njia ya kwenda."

Khakasa akachukua wembe. Akaketi mbele ya Wabomba, akanyoa nywele zake zote huku anamtazama, na kilio alichokifungia tangu mkuki ulipoletwa kikamtoka. Akalikumbatia shina. "Nirudishie nilichokupa!" Mti ukatetemeka toka mizizi hadi kilele, na jina likamrudi mdomoni.

"Wabomba," akasema. "Nenda, baba Nelima. Mtoto nitamlea."

Wabomba akainuka. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni, kisha akageuka akashuka mtoni, na wenzake wote wakamfuata. Machozi ya Khakasa yaliyoloweka ardhi yakanyonywa na mizizi, yakapanda juu hadi kwenye vitumba vya maua.

Siku ya pili, bila hata pumzi ya upepo, tawi kubwa lilikatika likaliponda jiko. Bahati njema hapakuwa na mtu ndani. Watu walipolichungulia tawi hilo, waliona katikati yake peupe na laini kama muhogo uliooza. Khakasa akauangusha mti, lakini hakuuacha ufe. Alichukua chipukizi, akalipeleka mbali, mpakani mwa shamba.

Na tangu siku hiyo, kifabakazi hukua kwa haraka, na mwenye shida ya kivuli hukikimbilia. Maua yake hupamba mgongo mzima, ndege na nyuki wakayashukuru. Lakini moyo wake ni laini na matawi yake hukatika hata siku tulivu, ndiyo sababu wenye kujua hukipanda mpakani, mbali na paa. Watoto huchuma vitumba vyake, wakavibonyeza, na maji yakawarukia usoni, wakacheka sana. Mama zao huwaacha wacheze. Wanachowakataza ni kimoja tu: saa sita mchana, wakiwa chini yake, wasiitane majina.