Bibi Namkunda na Ukungu wa Kileleni

Paukwa!
Pakawa!
Tulieni basi, kuna mtu amepotea.

Hapo zamani za kale, kijiji kimoja kilikuwa na milima miwili. Mkubwa kila mtu aliupanda. Mdogo ulijificha nyuma yake, kimya, hauna wageni, njia yake imemezwa na nyasi.

Asubuhi moja Mbazi alipanda ule mlima wa kimya kurina asali. Jua likafika utosini, hajarudi. Mkewe, Nakijwa, akamkimbilia Bibi Namkunda, mkunga wa kijiji.

"Bibi, mume wangu hajashuka!"

"Twende, mjukuu wangu."

Wakapanda, wakapanda, wakapanda. Walipofika kileleni tu, ukungu ukawafunika, fuuu! Nakijwa akanyoosha mkono wake, asiuone.

Mara sauti: "Nakijwaaa!"

Ilitoka kulia. Akageuka.

"Nakijwaaa!"

Sasa kushoto. Akageuka. Tena nyuma. Akazunguka, akazunguka, hata hakujua wametokea wapi. Ni Mbazi, au ni miamba inaitikia?

"Nakwenda!"

"Wapi?" akauliza Bibi.

"Kule!"

"Kule wapi?"

Nakijwa akainua mguu aende. Bibi akamvuta nguo. "Keti."

"Niketi, na mume wangu anaita?"

"Keti."

Akaketi analia, hajui amkasirikie nani. Bibi huyu amechoka? Au amekata tamaa? Bibi akaokota mawe mawili, akayagonga. Ko! Ko! Ko! Mikono ilipomlegea, akampa Nakijwa. Ko! Ko! Ko! Sauti ya Mbazi ikakaribia, ikaenda mbali, ikakaribia tena.

Ghafla mkono wa baridi ukamgusa Nakijwa begani. Akapiga yowe. Alikuwa Mbazi, magoti yakimvuja damu.

"Nilikuwa nazunguka tu," akasema. "Kila kitu kilikuwa kinahama. Mawe yenu peke yake hayakuhama."

Ukungu ulipoinuka, Nakijwa akatazama kule alikotaka kukimbilia. Hapakuwa na ardhi. Palikuwa na korongo tupu.

"Kumbe ulijua njia, Bibi!"

"Nilijulia wapi? Huku sijapata kupanda maishani mwangu. Ndiyo maana nilikaa."

Basi, wasikilizaji wangu, mkipoteana, msitafutane nyote. Mmoja akae mahali pamoja, aite, asichoke, ili mwenzake apate pa kurudi. Ndivyo alivyotufundisha Bibi Namkunda, na hadi leo tunamtaja.

Hadithi yangu imekomea hapo; aliyeisikia na aibebe.