Bomba Mama la Midomo Mitatu

Hapo zamani, si ile zamani ya fisi kuoa, ni zamani ya juzi yenye chuma na koki, nyumba tatu za milimani Upare zililima tangawizi kwa maji ya bwawa moja lililokuwa juu kabisa. Nyumba moja ya Namkunda, mjane. Nyumba moja ya Senzota, mwanamume asiyeazima hata kijinga cha moto. Nyumba moja ya Mshana, fundi wa kuchomelea vyuma.

Kwanza walipeana maji kwa zamu. Zamu ikatoa watu meno. La Senzota lilitoka kweli, na aliyelitoa ni Namkunda, kwa mpini wa jembe. Ndipo Mshana akasema afadhali watengeneze bomba mama.

Akaokota kipande cha bomba nene kwenye kiwanda cha mkonge kilichokufa, akakichomelea midomo mitatu, kila mdomo na koki yake. Bomba jembamba la kutoka bwawani likaingilia ubavuni. Maji yakawa yanajaza tumbo kwanza, ndipo yanatoka kwa nguvu ile ile midomo yote.

“Tumbo likiwa jembamba,” aliwaeleza, “wa kwanza anakunywa, wa mwisho analamba. Tumbo nene halina mtoto wa kambo.”

Akataka kuongeza mdomo wa nne, mdogo, usiofungwa, wa bomba kupumulia. Senzota akauliza huo utamnywesha nani. Namkunda naye akasema maji ya kumwaga bure ni laana. Mshana akauacha. Sheria ikawa moja: funga chako ukishiba, cha mwenzio usikiguse.

Kiangazi kikaja. Senzota akaenda msibani kwa wakwe zake, akafunga koki yake na kuitia kufuli, maji yasiibiwe. Mshana akapita shambani kwa Namkunda, akaona majani yamegeuka manjano, akaenda akafunga koki yake mwenyewe ili maji ya mjane yazidi. Hakumwambia. Akashuka zake sokoni.

Siku hiyo Namkunda alipata maji tele. Tangawizi ikanywa ikashiba, nayo ikizidishiwa huoza. Akafunga koki, kama sheria ilivyosema. Alipogeuka akasikia bomba linaguna. Akajitwika kuni zake, akaenda.

Maji yakashuka kutoka juu, yakakosa pa kutokea. Tumbo likapasuka.

Mshana akakata palipochanika, akachomelea kilichobaki. Kikatosha midomo miwili. Bomba nene jingine halikuwepo, wauza vyuma chakavu walishazoa. Basi nyumba moja itakauka, na mvua bado ziko mbali. Na msiniambie wawili wachangie mdomo mmoja. Habari ya jino mmeisikia.

Namkunda hakuwa na mwana wala shamba jingine. Aliketi juu ya jiwe akisikiliza wanaume.

Senzota alisema yeye alikuwa anamwaga udongo kaburini, na aliye msibani hapasui bomba. “Tulifunga wawili, bomba likawa zima. Akafunga wa tatu, likafa. Sasa mnanitazama mimi?”

“Na kufuli lako?” akauliza Namkunda. “Hata mtu angekuja mbio kufungua, angefungua kwa meno?”

Mshana akasema kwa upole, “Mimi nilifunga kwa ajili yako, shemeji.”

“Nani alikutuma? Ungeniambia, mdomo wangu ningeuacha wazi. Na wewe ndiye uliyejua bomba linataka kupumua.”

“Nilisema. Mkanikataa.”

“Tangu lini fundi akafundishwa chuma na walima tangawizi?”

Mshana alimuuliza tu, wakati anafunga, hakusikia kitu? Namkunda angeweza kusema hapana. Hapakuwa na shahidi, na kuni hazisemi. Akatazama shamba lake lilivyoanza kunyong’onyea.

“Nililisikia linaguna,” akasema. “Nikadhani limeshiba, kama shamba langu.”

Senzota akapiga makofi, akasema basi kesi imekwisha. Mshana alikuwa ameshika spana, na mipira mitatu ya kupeleka maji mashambani imelala miguuni pake. Akaunga mmoja? Hakuunga hata mmoja. Akasimama tu.

Haya, ninyi mnaopenda kukata kesi za watu mkiwa mmeshiba. Mmoja alifunga kwa choyo, lakini kilikuwa chake. Mmoja alifunga kwa huruma, ila alijua hatari na hakusema kwamba amefunga. Mmoja alifunga kwa sheria, akasikia, akapita. Je, nani alistahili kubaki mkavu?