Siku Mwatima Alipokuwa Mkubwa

Mkubwa ni jalala. Mmeisikia leo kwa mama yenu, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza mtu anafananaje na mahali pa kutupia taka. Haya, kaeni. Chanzo chake ni hiki, kwa jinsi nilivyosimuliwa mimi na walionitangulia.

Katika kijiji kimoja cha kusini, kijiji cha wapiga makumbi, palikuwa na mkwezi wa minazi aliyeitwa Makame Ussi. Mkewe alifariki akamwachia watoto watatu: Kazija, wa miaka kumi na minne, Mwatima, wa kumi na mmoja, na Vuai, mtoto wa miaka mitatu, ambaye hata maneno yalikuwa bado hayajamkaa mdomoni. Makame hakuoa tena. Alitoka alfajiri na kamba yake ya kukwelea, akarudi jua limeinama, akala alichowekewa, akalala. Hakuwa mkali wala hakuwa mvivu. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu ya kupeleleza nani kafanya nini. Kwa hiyo alikuwa na jina moja tu la kuita. Wali ukiungua, aliita Kazija. Vuai akianguka akachubuka goti, Kazija. Mbuzi akikata kamba akaingia katika mihogo ya watu, mwenye mihogo alipofika kulalamika, Makame alisema, "Kamwiteni Kazija," akageukia ukutani.

Mwatima aliyaona hayo kila siku, lakini aliyaona kwa jicho la mdogo. Alichokiona yeye ni kwamba Kazija ndiye anayepakua chakula, ndiye anayefunga ufunguo wa kasha la marehemu mama yao kwenye pindo la kanga, ndiye anayesema leo kitapikwa nini na nani atakwenda kisimani. Wageni wakija humsalimu Kazija kwanza. Mwatima aliona dada yake amepewa ufalme, na yeye amepewa ndoo.

Kazi ya wanawake wa kijiji hicho ilikuwa usumba. Makumbi ya nazi hufukiwa katika tope la pwani, yakaachwa humo miezi mingi mpaka yalainike. Kisha hufukuliwa, yakapigwa kwa magongo mpaka zibaki nyuzi, na nyuzi hizo ndizo usumba, ambao ukishakauka husokotwa kamba. Kila mwanamke alikuwa na shimo lake, na juu ya shimo alipanga mawe kwa namna yake, asije mwenziwe akakosea.

Mwatima alipokuwa na miaka kumi na mitatu, Kazija alimtuma pwani akafukue makumbi yao. Siku hiyo kulikuwa na harusi mtaa wa pili, na ngoma ilikwishaanza kusikika. Mwatima alifika mbio, akachimba shimo la kwanza aliloliona. Alipokuja kuyatazama mawe vizuri, alitambua kuwa shimo ni la jirani yao, Bi Mosi, na makumbi yalikuwa bado mabichi, hayajafika hata nusu ya muda wake. Alikuwa ameshayatoa karibu yote. Maji nayo yalikuwa yanajaa. Mwatima alisimama kidogo, akasikiliza ngoma, akaenda zake harusini. Maji yakayachukua makumbi ya Bi Mosi.

Kesho yake Bi Mosi alikuja akiwa amefuata nyayo kutoka shimoni kwake hadi mlangoni kwa Makame. Makame akasema maneno yake yale yale. Kazija akatoka jikoni akifuta mikono. Alimtazama Mwatima mara moja, na Mwatima akainamia ungo aliokuwa akipetea mchele, akapeta kwa bidii.

"Nimekosea mimi, Bi Mosi," Kazija alisema. "Niwie radhi. Nitakufidia."

Alifidia kwa mikono yake. Kwa muda wa miezi miwili, akimaliza kazi za kwao, alikwenda kwa Bi Mosi kumpigia makumbi mpaka magharibi. Viganja vikamtoka malengelenge, yakapasuka, yakaota sugu. Mwatima hakusema neno. Moyoni alijiambia kuwa Kazija kajitakia mwenyewe, kwani nani alimwomba aseme.

Kazija alipotimiza miaka ishirini aliposwa na mtu wa kijiji cha mashariki, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Siku ya kuondoka aliufungua ufunguo kwenye pindo la kanga, akaufunga kwenye kanga ya Mwatima, naye Mwatima hakulia kama walivyolia wenziwe. Alikuwa na haraka ya kuanza. Wiki ya kwanza aliyahamisha mafiga jikoni, akabadilisha zamu za kisimani, akamwamuru Vuai asiite tena mbuzi kwa majina aliyowapa Kazija. Vuai, ambaye sasa alikuwa na miaka tisa, alimtazama tu.

Mwezi wa pili ukaja na mambo yake. Wali uliungua, na Makame akaita Mwatima. Paa lilivuja juu ya kitanda cha Makame, Mwatima. Shangazi mmoja alikuja akalalama kuwa hakualikwa katika hitima ambayo Mwatima hata hakuipanga yeye. Alipojaribu kujieleza, aliona watu hawakuja kusikiliza maelezo. Walikuja kusema, na wakishasema huondoka wepesi.

Kisha ukaja moto. Wanawake walikuwa na banda moja pembezoni mwa kijiji, walimoweka usumba mkavu wakimngoja mnunuzi. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Vuai alishika kaa wawili pwani, akawasha moto nyuma ya banda ili awachome, upepo ukageuka. Banda liliungua pamoja na usumba wa wanawake watano, kazi ya miezi isiyopungua minane. Mmoja wao alikuwa Bi Mosi.

Walikuja wote watano asubuhi, wakakaa barazani bila kuvua mitandio. Kabla hawajamaliza salamu, Makame alisema, "Kamwiteni Mwatima." Mwatima alikuwa uani akifua tangu kulipopambazuka. Alitoka na mapovu mikononi, akasikiliza mashtaka, na kitu kikamkatika ndani.

"Mimi sikuwasha moto," alisema. "Aliyewasha ni Vuai, na miguu ya kuja hapa anayo. Muulizeni mwenyewe. Mimi sikumzaa."

Bi Mosi alimtazama kwa muda, halafu akasimama, na wengine wakasimama naye.

Vuai alikuwa nyuma ya mlango. Alisikia kila neno.

Alipotafutwa kwa chakula cha mchana hakuonekana. Mwatima alidhani kajificha, akamwita kwa ukali, baadaye akamwita kwa upole, hatimaye akaacha kuita akaanza kukimbia. Alikwenda pwani. Alichungulia kisima cha kijiji, na visima viwili vya zamani visivyotumika, akiwa ameshika ukingo. Makame alikaa barazani na kamba yake mapajani, akiifunga na kuifungua. Mwishowe mzee mmoja mchunga ng'ombe akasema alimwona mtoto wa kiume asubuhi, peke yake, akiifuata njia ya mashariki. Mwatima hakurudi hata kuchukua viatu.

Alifika kwa Kazija usiku umeshaingia. Vuai alikuwa amelala ukumbini juu ya jamvi, nyayo zimemvimba. Kazija alikuwa amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi. Alimwitikia salamu, akampa maji, akarudi kwenye nazi yake.

Mwatima alikunywa, kisha yale yaliyokuwa yamejaa kifuani yakamwagika. Alisema habari za wali na paa na shangazi, na za wanawake watano waliomjia mapovu yakiwa mikononi. Alisema hakuna anayemuuliza kama amekula. Mwisho akasema, "Nimekuwa jalala, dada. Kila mwenye taka zake anakuja kuzimwaga kwangu."

"Mkubwa ni jalala," Kazija alisema. Hakuisema kwa hasira wala kwa mzaha. "Wewe ulidhani ni nini?"

Mwatima alimtazama mtoto aliyelala. Akauliza Vuai amesema nini alipofika.

"Amesema hakukimbia kipigo. Amekuja huku kwa sababu kule nyumbani hakuna mkubwa."

Maneno hayo yalimwingia Mwatima taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye udongo mkavu. Kazija alimaliza kifuu kimoja akachukua kingine.

"Makumbi ya Bi Mosi niliyafukua mimi," Mwatima alisema.

"Najua."

"Umejua lini?"

"Siku ile ile. Mimi sikwenda pwani, Mwatima. Ningekosaje kujua?"

"Basi mbona hukunisema?"

"Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ningekusema, ungeubeba mzigo ule peke yako, na mabega hukuwa nayo."

"Na wewe ulikuwa na kumi na sita."

"Ndiyo," Kazija alisema.

Mwatima alivitazama viganja vya dada yake vilivyoshika kifuu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamwona Kazija msichana wa miaka kumi na sita, amesimama mlangoni mbele ya mwanamke mwenye hasira, hana mama wa kumkimbilia. Alivuta pindo la kanga akajifuta macho. Kazija alimwachia alie. Baadaye alimpa kipande cha nazi, kama alivyokuwa akimpa zamani.

Asubuhi iliyofuata Mwatima alirudi kijijini na Vuai, wakienda polepole kwa ajili ya nyayo za mtoto. Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mahali walipokuwa wakipiga makumbi, akasimama mbele ya wanawake wale watano.

"Mkubwa wa Vuai ni mimi," alisema. "Moto ule ni wangu. Niambieni nianze kumfidia nani."

Bi Mosi aliweka gongo chini. "Jana ulituambia hukumzaa. Kimekubadilisha nini?"

"Mkubwa ni jalala, Bi Mosi. Dada yangu alinifundisha zamani, mimi nikachelewa kuelewa." Hapo akaeleza na habari ya makumbi ya miaka minne iliyopita, mbele ya wote, tangu ngoma ya harusi hadi ungo wa mchele. Bi Mosi alisikiliza hadi mwisho. Alisema kwamba siku ile nyayo alizozifuata zilikuwa ndogo mno kwa miguu ya Kazija, lakini mtu akijitoa mwenyewe si vizuri kumrudisha.

Mwatima aliwapigia makumbi wanawake watano mpaka masika yakaingia na kutoka. Vuai hakuchapwa. Ila kila siku alikuwa akimbebea makumbi kutoka pwani, tenga baada ya tenga, na hakuna aliyemtuma. Makame naye, jioni moja, alirudi kutoka minazini, akasimama karibu na binti yake, akamuuliza kama amekula.

Neno lile lilitoka pale kwenye magongo ya wanawake. Bi Mosi alilichukua akalipeleka kwa wajukuu zake, wenziwe wanne wakalitawanya, na waliooa na kuolewa mbali wakaondoka nalo. Wadogo wakilisikia hucheka, kwa kuwa wao wanaisikia harufu ya taka tu. Waliowahi kusimama mlangoni kwa kosa la mwingine hawacheki. Huinamisha kichwa, wakaendelea na walichokuwa wakikifanya. Mkubwa ni jalala.