Mgonjwa wa Kwanza wa Kilindo

Mheshimiwa Kisonga alitangaza kwamba Kilindo haikuwa na hata mgonjwa mmoja wa kipindupindu. Wateja hawakumwamini, soko likabaki tupu.

"Tupe basi unga wa msaada," wachuuzi walilia.

"Unga ni wa penye wagonjwa!" alijibu Mheshimiwa.

Mwanakheri, mama lishe, akamkaribisha kwa glasi ya ukwaju. Akainywa yote.

"Tamu! Maji ya wapi?"

"Ya kile kisima ulichosema ni salama."

Mheshimiwa alitimua mbio hadi zahanati. "Dripu! Haraka!"

"Dripu ni za wagonjwa," alisema muuguzi, "nawe ulisema hawapo."

"Niandike mimi!"

Akaandikwa mgonjwa wa kwanza, na ghala la unga wa msaada likafunguliwa.

Jioni Mwanakheri alikwenda kumjulia hali. "Pole, Mheshimiwa. Yale maji niliyachemsha."