Fundi Aliyeitengeneza Ngalawa ya Faki

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye chakula mdomoni ameze kwanza. Hadithi hii ina meno.

Hapo kale, katika kijiji kimoja cha pwani, waliishi Faki na mkewe Mize. Walikuwa na watoto wanne na ngalawa moja. Ngalawa ilikuwa imelala mchangani mwaka mzima. Ilijaa nyufa, tanga limeoza, na mirengu, yale mabao ya ubavuni yanayoizuia isipinduke, imevunjika. Watoto walikula muhogo mkavu. Asubuhi muhogo, jioni muhogo.

Siku moja akaja fundi mgeni, amevaa kilemba kikubwa kilichofunika kisogo. Akasema ataitengeneza ngalawa ili Faki aende bahari kuu kwenye samaki wakubwa. Ujira hataki. Faki akafurahi. Mize akauliza fundi ametoka wapi. Fundi akaelekeza kidevu baharini, akaanza kazi.

Basi siku ya kwanza akaziba nyufa kwa pamba iliyolowa mafuta, akafunga mirengu mipya. Ilikuwa kazi safi, hata Mize alikiri. Alipelekewa chakula, hakula. Watoto walipopita karibu, akameza mate.

Mize akauliza, "Fundi, makasia yako wapi?"

"Ya nini, shemeji? Tanga litawapeleka. Mtapanda wangapi?"

Jioni Mize akamwambia mumewe, "Vya kwendea vipo. Vya kurudia sivioni."

Faki akacheka. "Wewe hata nazi ya bure utaiuliza imeanguka kwa nini."

Siku ya pili fundi akasimamisha mlingoti, akafunga tanga jeupe. Hapakuwa na upepo, jani halitikisiki, lakini tanga lilijaa likaelekea kisiwa ambacho wavuvi wote hukikwepa. Mize akauliza nanga iko wapi.

"Ya nini, shemeji? Hamtasimama njiani. Mtapanda wangapi? Wanene au wembamba?"

Jioni Mize akasema tena, "Vya kwendea vipo. Vya kurudia sivioni."

Faki akamwambia, "Lala, umechoka."

Siku ya tatu fundi akaleta mishipi, ndoana na chambo cha ngisi. Mize akauliza ndoo ya kutolea maji iko wapi, maana hakuna ngalawa isiyoingia maji.

"Ya nini, shemeji? Hamtakaa majini kiasi hicho. Mtapanda wangapi? Na watoto je?"

"Vya kwendea vipo," Mize alimwambia mumewe jioni ile. "Vya kurudia sivioni. Na huyu mtu anauliza unene wetu."

Safari hii Faki hakucheka. Lakini alisema watoto wamechoka muhogo, naye amechoka kuitazama ngalawa yake ikikaukia mchangani. Kesho anakwenda.

Mize hakubishana. Kijiji kile kilikuwa na desturi: aliyeziba nyufa ndiye anayepanda kwanza, peke yake, azunguke na kurudi. Kama kazi ni mbovu, alowe yeye.

Kulipokucha wakaja wanaume kumi kusaidia kusukuma. Ngalawa ikaelea. Faki akainua mguu apande. Mize akamshika kikoi kwa nyuma.

"Fundi kwanza," akasema. "Azunguke jiwe lile kule majini, arudi akuchukue."

Wanaume wakasema ni kweli, fundi kwanza. Fundi akasema ana haraka. Halafu akasema tumbo linamsokota. Halafu akasema kwao hakuna desturi hiyo. Wote wakamtazama.

"Unaiogopa kazi ya mikono yako?" Mize akamuuliza.

Basi akapanda. Alipokaa tu, tanga likajaa bila upepo, ngalawa ikaondoka. Fundi akageuka haraka kulishusha tanga, kilemba kikafunguka. Kisogoni palikuwa na mdomo wa pili, wenye meno kama ya papa. Mdomo wa mbele ulinyamaza. Wa nyuma ukaita:

"Faki, panda! Faki, panda! Faki, panda!"

Faki alisimama, mguu mmoja majini. Mize hakukiachia kikoi.

Zimwi lile halikujua kuogelea. Halikuwa na kasia la kugeuzia wala nanga ya kusimamia. Tanga lake lenyewe likalipeleka kisiwani, ambako mazimwi wenzake walikuwa na njaa na walikuwa wameahidiwa nyama. Walilila? Sijui. Husemwa zimwi likujualo halikuli likakwisha, kwa hiyo huenda walibakisha kidogo.

Ngalawa haikurudi. Jioni watoto wakapewa muhogo mkavu, wakanuna. Mize akawaambia watafune. Baba yao akaketi katikati yao, akatafuna naye.

Hapo ndipo hadithi yangu inapokomea. Anayekupa safari isiyo na njia ya kurudi, mpishe atangulie yeye.